Jiko dogo, watu saba na zamu zangu

Jiko letu hapa Tabata lina upana wa mita moja na nusu na urefu wa mita mbili na nusu. Nikisimama katikati nikanyoosha mikono, nagusa kuta zote mbili. Lina mlango wa koridoni, mlango wa kutokea uani, dirisha moja la nondo juu ya sinki, na kaunta ya zege yenye vigae ambayo mwenye nyumba aliijenga upande mmoja tu. Humo ndimo kinamotoka chakula cha watu saba: mimi, baba watoto, mama mkwe wangu, watoto wetu watatu na dada anayetusaidia kazi za nyumbani.

Mimi ni muuguzi. Wiki hii naweza kuwa zamu ya asubuhi, wiki ijayo usiku. Baba watoto ana duka la vipuri Kariakoo na hutoka mapema ili foleni ya Buguruni isimkamate. Mkubwa wetu yuko kidato cha pili, wa katikati darasa la tano, na kitindamimba anasoma chekechea. Basi la shule humpitia saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Mama mkwe alihamia kwetu kutoka Pangani magoti yalipoanza kumsumbua. Kwa hiyo anayechemsha chai ya asubuhi siye anayesonga ugali wa mchana, na anayepakua chakula cha usiku anaweza kuwa mtoto wa darasa la tano, kwa sababu mimi niko wodini na bibi yake anaswali.

Wenzangu kazini wamekuwa wakiniuliza tunafanyaje, maana wengi wao wana majiko kama hili au madogo zaidi. Nikiwajibu kwa mdomo kati ya mgonjwa na mgonjwa naishia nusu, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Ushauri mwingi kuhusu jiko dogo huanza na vitu vya kununua: makopo yanayofanana, kabati la kubandika ukutani, kikapu cha kuzunguka. Vinapendeza na sina ugomvi navyo. Swali ninalolipa uzito mimi ni hili: mtu akiingia jikoni saa kumi na moja alfajiri, wengine wakiwa wamelala, anaweza kumaliza kazi yake bila kumwamsha mtu kumuuliza majani ya chai yako wapi? Kama hawezi, jiko hilo halijapangwa, hata kama linang'aa. Limepangwa kwa ajili ya mtu mmoja, na siku mtu huyo hayupo nyumba nzima inayumba.

Wodini tuna troli ya kufungia vidonda. Juu yake kuna vile vilivyotakaswa, chini kuna dawa ya kusafishia, plasta, mikasi ya kukatia bandeji na chombo cha taka. Kila kinachohitajika kwa kazi ile moja kimo mle. Hatuweki mikasi yote kabati hili na pamba zote kabati lile, halafu muuguzi akimbie huku na huku kidonda kikiwa wazi. Lakini nyumbani ndivyo wengi tunavyopanga: vikombe na vikombe wenzao, sufuria na sufuria wenzake, vifuniko vyote ndani ya ndoo moja. Mwanzoni inaonekana ni utaratibu. Ukitaka kupika uji unafungua milango minne.

Basi jikoni kwetu vitu vimegawanywa kwa kazi, na kazi zimegawanywa kwa saa.

Kona ya alfajiri iko karibu kabisa na mlango wa koridoni, chini ya swichi ya taa. Hapo kuna sinia moja kubwa la plastiki, na juu yake chupa mbili za chai, sufuria ya chai, chujio, majani, sukari, tangawizi kavu na hiliki. Pembeni kuna ndoo ndogo ya unga wa lishe pamoja na mwiko wa uji, ambao haufanyi kazi nyingine. Vikombe saba vimening'inia kwenye ndoano chini ya rafu, na cha kitindamimba kiko kwenye ndoano ya chini anayoifikia mwenyewe. Vyombo vya chakula cha shule na chupa za maji vinarudi hapo hapo jioni, vikiwa vimeoshwa na kukauka. Sukari imo kwenye kopo la kifuniko cha kuzungusha, kwa sababu sisimizi wa Tabata hawahitaji mwaliko wa pili. Baba watoto, ambaye zamani asubuhi zote alisubiri aandaliwe, siku hizi ndiye anayechemsha chai nikiwa zamu ya usiku, na anafanya hivyo bila kutembea hata hatua mbili. Sikumfundisha chochote. Vitu vimekaa mahali ambapo mkono unafika.

Kona ya mchana ni ya mama mkwe na dada, na hiyo ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuifikiria. Mama ana umri wa miaka sabini na kitu. Kuinama kunamuumiza, na kunyoosha mkono juu ya kichwa kunampa kizunguzungu. Kwa hiyo kila anachokishika yeye kiko kati ya kiuno na bega: unga wa sembe na mchele wa wiki, chumvi, mafuta, bizari, ungo, mwiko wa ugali, na zile sufuria mbili anazozipenda. Vitu vizito ambavyo ni sisi tu tunaovishika viko chini ya kaunta. Vile tunavyovigusa mara chache, kama kibao cha chapati na msukumio, viko juu kabisa. Nimeona majiko mengi ambamo mzee wa nyumba ameachiwa rafu ya chini "kwa sababu anakaa kwenye kigoda". Mwangalieni anavyoinuka kutoka kwenye kile kigoda, kisha mpime upya.

Halafu kuna mbuzi. Tuna blenda, na nazi ya blenda si mbaya ukiwa na haraka. Lakini mama amekuna nazi tangu utotoni, na tui lake la kwanza ni zito kiasi kwamba samaki wa nazi wanakaa wenyewe bila kuongezewa chochote. Siwezi kumwambia mtu kama huyo kwamba mbuzi inachukua nafasi. Inakunjika, na imetundikwa kwenye msumari mkubwa nyuma ya mlango wa uani, meno yake yakiwa yamefunikwa kwa kitambaa kizito kilichofungwa kamba, maana kitindamimba anapita hapo mara mia kwa siku. Akitaka kukuna, dada anamtundulia na kumwekea uani penye kivuli, ambako kuna nafasi ya kukaa na kunyoosha miguu. Nazi haikuniwi ndani tena, na jiko halikupungua hata sentimita moja.

Kona ya usiku ni ya kupakua na kufunga siku. Iko upande wa friji: hotpoti tatu, upawa, sahani, na makopo yenye vifuniko ya kuhifadhia kilichobaki. Hapa nina amri moja ambayo siilegezi. Wali ukibaki haulali mezani umefunikwa kwa kawa hadi asubuhi. Joto la Dar es Salaam ni rafiki mkubwa wa vijidudu, na kuna kimoja kinachokaa kwenye mchele ambacho mbegu zake zinastahimili kuchemshwa. Wali ukikaa na uvuguvugu kwa saa nyingi zinaamka, zinatoa sumu, na hata ukiupasha moto kesho yake sumu ile haiondoki. Kwa hiyo kiporo kinatandazwa kwenye chombo kipana kipoe haraka, kisha friji. Nyama mbichi na samaki hukaa rafu ya chini kabisa ya friji ili maji yake yasidondokee chakula kilichoiva. Ubao wa kukatia nyama una tundu na kamba nyekundu, wa mboga hauna kamba. Watoto wote wanajua.

Mwezi wa Ramadhani mpango huu haubomoki, unazunguka tu. Kona ya alfajiri inakuwa kona ya daku, na hotpoti za usiku zinahamia pale ili anayeamka saa kumi asigonge vyombo. Jioni ndipo panapokuwa na kazi: mihogo ya nazi, tambi, uji wa pilipili manga, kaimati za watoto. Kwa mwezi huo tunaitoa meza ndogo ya sebuleni na kuiweka uani, na kukaanga kote kunafanyika nje. Mafuta ya moto na watu watano wenye njaa kwenye nafasi ya mita moja na nusu ni jambo ambalo sitaki kuliona.

Kuna mwanamke mmoja ninayempenda katika historia ya majiko. Anaitwa Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo kutoka Austria aliyezaliwa 1897 na kufariki mwaka 2000. Mwaka 1926 alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, Ujerumani, lenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 hivi, na majiko ya namna hiyo yapatayo 10,000 yakajengwa. Alipima hatua za mpishi kwa saa, akaangalia majiko ya mabehewa ya chakula kwenye treni, akajua ni wapi mkono unafika na wapi haufiki. Droo ya unga aliiagiza itengenezwe kwa mti wa mwaloni, kwa sababu wadudu wa unga hawaupendi. Huyo ni mtu aliyeheshimu kazi ya jikoni. Pamoja na hayo, jiko lake lilipimwa kwa mwanamke mmoja anayepika peke yake, na baadaye wengi walilalamika kwamba mama alikuwa anatengwa na watoto wake. Kwetu hilo lisingewezekana. Nyumba nyingi za Waswahili zimekuwa na jiko uani, mahali pa watu wengi, mmoja anachambua mchicha, mwingine anapepeta mchele, watoto wanapita katikati. Tulipohamia nyumba za kisasa jiko likaingizwa ndani na kubanwa, lakini watu hawakupungua. Ndiyo maana naushikilia uani kwa nguvu zote: kuchambua, kupepeta, kukuna, kutwanga, kukaanga kwa wingi na kuchemsha maharage ni kazi za nje. Ndani ni moto wa gesi, maji na kupakua.

Jambo la pili lililotupa nafasi ni kuacha kulitumia jiko kama stoo. Mchele tunanunua kwa pamoja na jirani, gunia linagawanywa, na unga vivyo hivyo. Ukiingiza kilo ishirini za mchele jikoni umeshapoteza kona. Kwetu akiba ya mwezi inakaa koridoni ndani ya ndoo za plastiki za mafuta ya kula, zile kubwa zenye kifuniko kinachobana, zilizooshwa na kuanikwa juani hadi harufu ikaisha. Ndoo za rangi ya ukuta hazifai kwa chakula, hata uzioshe vipi. Kila Jumamosi jioni mtoto wetu mkubwa anapima mahitaji ya wiki na kuyahamishia jikoni. Unga wa lishe tukisaga mpya, unalala kwanza kwenye friza siku tatu au nne, baridi iue mayai ya wadudu, ndipo uingie kwenye ndoo.

Kila kinachoingia kinaandikwa tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha plasta. Stoo ya dawa inanifundisha hivyo kila siku: kinachoisha muda mapema kinakaa mbele, kipya kinakaa nyuma. Familia yenye shughuli nyingi hupoteza chakula kingi nyuma ya rafu, si mezani.

Vitunguu vimo kwenye kikapu cha ukindu kilichoning'inia dirishani, penye hewa. Viazi viko mbali navyo, chini, gizani, ndani ya boksi, kwa sababu mwanga unavifanya vigeuke kijani na hapo vinakuwa na sumu. Nyanya hazikai kwenye friji. Dagaa wana ndoo yao na hawaingii ndani kamwe. Mifuko mbadala, ambayo tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 imejaa kila nyumba, ilikuwa inakula droo nzima. Sasa imebaki mitano kwenye ndoano ya mlangoni, ya kwendea sokoni, na mingine nimewapa mama wauza mboga wa mtaani kwetu, wakaifurahia. Sufuria za shughuli na seti ya vikombe vya arusi viko chini ya kitanda, vimefungwa kwa khanga ya zamani. Vikihitajika, vinatoka.

Maji nayo yanataka kupangiwa. Ukiwa na jiko ambalo mipango yake inategemea bomba kutoka kila saa, siku ya mgao utarudi kwenye madumu yaliyozagaa sakafuni na kila mtu anayaruka. Tuna pipa uani, na ndani kuna ndoo mbili tu zenye koki, zote juu ya kaunta: moja ya maji ya kunywa yaliyochemshwa, nyingine ya kunawa mikono na kuoshea mboga. Vyombo vikishaoshwa vinapanda kwenye kichanja cha vyuma kilichofungwa juu ya sinki, maji yanadondokea sinki lenyewe. Kijijini bwana afya alikuwa anakagua kila kaya kama ina kichanja cha vyombo, na alikuwa sahihi. Chombo kinachokauka kwa hewa ni safi kuliko kinachofutwa kwa kitambaa chenye unyevu kutwa nzima. Hiki cha kwetu fundi wa kuchomelea alikitengeneza kwa nondo nyembamba, kikapigwa rangi isiyoshika kutu. Mbao za kubandika za vumbi la mbao ningewashauri muachane nazo kabisa karibu na sinki. Unyevu wa Dar unazivimbisha.

Sasa nifike kwenye gesi, na hapa naomba msome taratibu.

Mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Nimefurahi, kwa sababu nawajua wanawake waliozeeka na kikohozi cha moshi. Lakini maana yake ni kwamba mitungi inaingia kwenye majiko madogo sana, na swali la mtungi ukae wapi linaachwa kwa kila mtu ajijibu. Gesi tunayopikia ni propani na butani, na zote ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi na kutokea dirishani. Inashuka, inatambaa sakafuni, inajikusanya kwenye kona na ndani ya makabati ya chini, na inasubiri cheche. Kwa hiyo lile kabati zuri lenye milango chini ya kaunta, ambamo wengi wanauficha mtungi ili jiko lipendeze, ndipo mahali pabaya kuliko pote.

Mtungi wetu wa kilo 15 uko uani, umesimama wima ndani ya kizimba cha nondo chenye kufuli, kivulini, na fundi wa gesi alipitisha bomba la shaba ukutani hadi kwenye jiko. Iligharimu, na tulidunduliza. Asiye na uani auweke mtungi wazi karibu na mlango, wima, mbali na moto na mbali na soketi, na mlango huo uwe na mwanya chini. Kila unapobadilishwa, paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likitoa mapovu mapya, funga na umwite fundi. Kiberiti hakitumiki kutafutia gesi. Na uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, kwa hiyo mwambie muuzaji aupime mbele yako, utoe, ujue umenunua kilo ngapi.

Jiko la mkaa bado tunalo, la makande na maharage, na halivuki mlango wa uani. Hata mvua ikinyesha. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuonya, inalaza mtu akidhani ana usingizi.

Nimefanya kazi wodi ya watoto. Nimewashika watoto walioungua kwa uji na chai, na karibu kila mara maelezo ya mama ni yale yale: sufuria ilikuwa imeepuliwa chini, mara moja tu, ili nafasi ipatikane. Katika jiko dogo sakafu inageuka kaunta bila mtu kuamua. Ndiyo sababu kaunta yetu ina nafasi moja, pana kama sinia la kulia, ambayo haiwekwi kitu chochote saa zote. Ni ya kuepulia. Dada analijua hilo kuliko sheria nyingine yoyote ya nyumba hii. Kitindamimba alipoanza kutambaa tulifunga kigeti cha mbao kwenye mlango wa koridoni, na nilikilipa kwa furaha kuliko nilivyolipia friji. Ikitokea ajali, ni maji ya kawaida yanayotiririka juu ya pale palipoungua kwa dakika 20, kisha hospitali. Dawa ya meno hapana, yai hapana, asali hapana.

Na mafuta ya taa, dawa ya mende, dawa ya kuzibulia mabomba na maji ya kung'arishia nguo havikai chini ya sinki. Havikai jikoni kabisa. Vinakaa kwenye chupa zake vilivyonunuliwa nazo, juu ya kabati la stoo ya choo, na funguo ninazo mimi na mama. Chupa ya soda yenye mafuta ya taa, mtoto wa miaka miwili haioni kama mafuta ya taa. Akinywa, asitapishwe, abebwe haraka kwenda hospitali. Kama ungesoma aya moja tu katika haya yote, ningependa iwe hii.

Kinachounganisha kona zote ni daftari. Wodini hatuondoki bila kukabidhiana zamu: mgonjwa huyu amepata dawa saa fulani, yule anasubiri kipimo. Nyumbani tuna daftari la kurasa mia lililofungwa kamba kwenye ndoano kando ya friji, pamoja na kalamu. Anayemaliza jikoni anaandika mistari miwili. "Maharage yaliyochemshwa yamebaki makopo mawili kwenye friza. Gesi imefunguliwa tarehe 3. Chumvi inaisha. Chakula cha bibi kimetolewa kabla ya chumvi, kiko hotpoti ya bluu." Mama ana shinikizo la damu, na mstari huo wa mwisho ndio ulionifanya nilianzishe, kila mpishi alikuwa anaweka chumvi yake akidhani mwenzake ameshatenga. Sasa inaandikwa. Wa darasa la tano anamsomea bibi yake kila jioni, na mama akitaka kuongeza lake, mtoto ndiye mwandishi. Juzi nimekuta nimeandikiwa kwa herufi kubwa: BIBI AMESEMA MUME WAKO HALI BAMIA KAMA HAZINA NDIMU.

Tarehe ya gesi imenisaidia kujua mtungi unatuchukua muda gani, na kwamba Ramadhani unaisha mapema zaidi. Orodha ya vinavyoisha ndiyo inayokwenda sokoni. Baba watoto anaipiga picha kwa simu akiwa anatoka, na jioni anashuka Ilala na mfuko mbadala mkononi.

Jumapili ndiyo siku ambayo wote tupo. Tunachemsha maharage ya wiki nzima kwenye jiko la mkaa uani, yakiwa yamelowekwa tangu usiku, tunayagawa kwenye makopo ya siagi, tunaandika tarehe, tunagandisha. Nyanya na vitunguu vya kuungia tunavikaanga mara moja kwa wingi na kugawa vivyo hivyo. Siku ya kazi, mchuzi wa maharage unakuwa wa dakika chache, na hata mtoto wa kidato cha pili anaupika. Sipiki Jumapili peke yangu, na nimekataa kabisa kufanya hivyo. Mmoja anamenya, mmoja anaosha, mmoja anaandika plasta.

Kilichobaki ni kinu. Mama alikuja nacho kutoka Pangani, cha mti mzito, kwa ajili ya kisamvu, na kisamvu cha kutwanga hakilingani na cha kusaga mashineni. Sasa hivi kiko uani bila paa, mvua inakinyeshea na jua linakichoma, na nimeona ufa mwembamba umeanza kwenye ukingo. Nimeongea na fundi atujengee kibanda kidogo cha bati kando ya ukuta. Nimeshapima: kinu na mchi vinataka sentimita hamsini kila upande, kigoda cha mama kinataka sitini, na mlango wa kizimba cha gesi lazima uendelee kufunguka wote. Fundi anakuja Jumamosi.